Rubani, Upepo na Ndege ya Gurudumu la Mkiani

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla halijapanda angani. Wazee wetu waliposema rubani walimkusudia mtu aujuaye mlango wa bandari, mahali palipo mwamba na mahali penye kina, ambaye nahodha mgeni humpisha aongoze chombo kiingie salama. Ndege zilipokuja, Waswahili hawakuhangaika kutafuta neno jipya. Walimtazama yule mtu aliyekaa peke yake huko juu, apimaye upepo na kufuata njia isiyoonekana kwa macho, wakasema: huyu naye ni rubani.

Kuna na neno jingine. Mtoto wa Pwani akitengeneza karatasi yake kwa vijiti vya makuti, akaifunga uzi na kuipeleka ufuoni ichukuliwe na upepo, chombo chake hicho hukiita tiara. Neno limetoka kwa Waarabu, na huko kwao hivi leo tayyara ni eropleni, ile ile tunayopanda kwenda Nairobi au Jedda. Basi mtoto wa Galu au wa Msambweni anayekimbia na uzi wake mchangani, kwa jina la mchezo wake, tayari anarusha ndege.

Mazungumzo yetu ya leo, ndugu msomaji, ni juu ya ndege ambazo ziko karibu zaidi na tiara hiyo kuliko na yale madege makubwa ya abiria. Ni ndege ndogo, za watu wawili, nyingine zimevikwa kitambaa badala ya bati, zenye gurudumu dogo chini ya mkia. Huruka polepole na chini chini. Bei yake, kwa hesabu ya ndege, ni nafuu. Na wengi wanaozirusha hawachukui abiria wala barua wala mizigo. Huruka kwa sababu moja tu, nayo ni raha. Wahenga walisema kipendacho moyo ni dawa.

IMEKAA KITAKO

Ndege nyingi tunazoziona leo pale Ukunda au Moi, Mombasa, husimama sawasawa kama meza. Zina gurudumu mbele, chini ya pua, na mengine nyuma yake chini ya mabawa. Ndege tunazozizungumza hapa hazikuumbwa hivyo. Magurudumu yake makubwa mawili yako mbele, na la tatu, dogo kama la mkokoteni wa mtoto, liko mwisho kabisa mkiani. Kwa hiyo zinapokuwa chini hukaa kitako, pua imetazama mbinguni, kama paka aliyeketi akikitazama kitoweo kilichowekwa juu ya kabati.

Hivyo ndivyo zilivyokuwa karibu ndege zote hapo zamani. Nyingine hazikuwa hata na gurudumu huko nyuma, bali kipande cha mti au chuma kilichoburura nyasi. Sababu ilikuwa ya busara. Viwanja vya zamani vilikuwa malisho ya ng'ombe, vyenye mawe na mashimo. Ndege ikiinua pua yake, rafadha, ambayo wengine huiita pangaboi, hukaa mbali na mawe. Gurudumu la mkiani ni jepesi kuliko la mbele, na chombo kikiwa chepesi huhitaji injini ndogo, na injini ndogo hunywa mafuta kidogo.

Mfano mashuhuri ni ndege iitwayo Piper Cub, iliyotengenezwa Marekani. Kati ya 1938 na 1947 zilitoka kiwandani karibu 20,000, nyingi zikiwa zimepakwa rangi ya manjano. Injini yake ya kawaida ilikuwa ya nguvu za farasi 65. Mwendo wake wa kawaida ni kama kilomita 120 kwa saa, ambao matatu ya Likoni kwenda Lungalunga ingeufikia lau askari wa barabarani wasingekuwapo. Ikiwa tupu haifiki kilo 400. Nyingi hazikuwa na umeme, kwa hiyo mtu husimama mbele na kuizungusha rafadha kwa mkono ili injini iwake. Mlango wake wa ubavuni hufunguka hata ndege ikiwa angani, na rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma. Mwenye kampuni, William Piper, alitaka mtu wa kawaida aweze kuinunua, na wenziwe wakamwita Henry Ford wa anga.

TELA LINALORUDISHWA NYUMA

Ikiwa sifa zake ni hizo, mbona ndege nyingi za leo zimeliacha gurudumu la mkiani? Jawabu ni kwamba mkia huo ni mkorofi.

Utingo yeyote wa lori ataielewa habari hii upesi. Lori likivuta tela kwenda mbele, tela hufuata bila maneno. Lakini dereva akitaka kulirudisha tela nyuma, hapo ndipo jasho humtoka. Likipinda kidogo tu hutaka kupinda zaidi, na asipolirekebisha mapema litajikunja mpaka ligongane na lori lenyewe. Ndege ya gurudumu la mkiani ina tabia hiyo hiyo. Uzito wake mkubwa uko nyuma ya magurudumu makuu. Ikigusa chini imekaa upande hata kidogo, ule uzito wa nyuma hutaka kutangulia mbele, na ndege hujizungusha kama pia. Bawa linaweza kugusa ardhi, na mguu ukavunjika.

Dawa yake ni miguu. Rubani ana pedeli mbili za kuongozea usukani ulio mkiani, na miguu yake haipumziki. Kulia kidogo, kushoto kidogo, tena kulia, kabla macho hayajatambua kwamba pua imehama. Tena akiwa chini haoni mbele, kwa kuwa pua imemziba. Hulazimika kwenda kwa kupindapinda, akichungulia huku na huku, mpaka afike mwanzo wa kiwanja. Na akishatua, kazi haijakwisha. Mabaharia husema chombo cha kuzama hakina usukani. Marubani wa ndege hizi wanajua kwamba usukani wao usipoangaliwa kwa nukta mbili tu, hata kama ndege imo mbioni kusimama, yanaweza kutokea ya kutokea.

Hapa ndipo raha yenyewe ilipo. Ndege kubwa ya leo inao mitambo ya kuilinda na kosa la mwanadamu, na kwa abiria hilo ni jambo jema sana. Lakini hii ndogo haina wa kumlinda rubani ila macho yake, mikono yake, miguu yake na hata makalio yake, maana huhisi kwenye kiti kama ndege inateleza upande. Mtu aliyejaa hamaki za ofisini, au madeni, au ugomvi wa nyumbani, hana budi kuyaacha yote chini. Saa moja ya namna hiyo humtua akili kama mtu aliyetoka kuvua.

Na wavuvi wetu wanaijua hali hiyo. Mtu wa ngalawa hana injini ya kumwokoa. Anashika kamba ya tanga kwa mkono huu na kasia ya usukani kwa mkono huu, na kila upepo unapozidi au kupungua mwili wake hujibu kabla hajafikiri. Muulize kwa nini anapenda ngalawa na hali mashua ya mashine ni rahisi zaidi. Huenda asijue kukujibu, lakini mtazame uso wake tanga linapojaa.

BIN FIRNAS ALISAHAU MKIA

Kabla hatujafika kwetu, yafaa tumkumbuke mtu mmoja wa Andalusi ambaye habari yake inaingia katika mlango huu huu wa mkia. Ni Abbas bin Firnas, aliyeishi Qurtuba katika karne ya tisa ya miladi na kufariki mwaka 887. Alikuwa mtaalamu wa nyota, fundi wa vioo, mwanamuziki, na pia mshairi.

Mwanahistoria al-Maqqari, aliyefariki Cairo mwaka 1632, ameandika kwamba Bin Firnas alijivika manyoya, akajifungia mabawa mawili, akajirusha kutoka mahali pa juu. Akaruka mwendo wa kutosha kama ndege. Lakini alipotua aliumia mgongo. Na sababu anayoitaja al-Maqqari ni hii: hakuangalia kwamba ndege anaposhuka hutumia mkia wake, na yeye mkia hakujiwekea.

Al-Maqqari aliandika karne nyingi baada ya tukio, kwa hiyo wataalamu huipokea habari yake kwa hadhari. Lakini uko ushahidi wa zamani zaidi, nao ni wa kishairi. Mumin bin Said, mshairi wa zama zile zile za Bin Firnas, alimtungia beti za kumcheza shere kwa kuvaa manyoya ya tai. Sisi watu wa mashairi tunajua kwamba mtu hatungiwi kejeli kwa jambo ambalo hakuna aliyelisikia.

Ama mafunzo ya habari hii ni wazi. Kwenda juu hakukumshinda Bin Firnas. Kilichomshinda ni kushuka, na kushuka ni kazi ya mkia. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na kila mwanafunzi wa ndege ya gurudumu la mkiani bado anasomeshwa somo lile lile, tena kwa bahati njema akiwa na mwalimu kiti cha pili.

WALIOTANGULIA KATIKA ANGA LA KENYA

Nchini Kenya michezo ya ndege ilianza na walowezi. Klabu yao ya marubani, Aero Club of East Africa, iliundwa mwaka 1927. Miaka miwili tangu hapo, 1929, mwanamke mjane aitwaye Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways pamoja na rubani Tom Campbell Black, na ndege yao ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth. Kiwanja cha Wilson mjini Nairobi, ambako mpaka leo ndege nyingi za Ukunda hutokea, kina jina la mama huyo.

Gipsy Moth ilikuwa ndege ya Kiingereza ya mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, ya mbao na kitambaa, na viti viwili visivyo na paa. Aina ya kwanza ya Moth iliruka Februari 1925. Mabawa yake yaliweza kukunjwa ubavuni, mwenyewe akaiweka bandani kama mkokoteni. Iliuzwa kwa kiasi cha pauni 650. Kwa mfanyakazi wa shambani fedha hizo zilikuwa ndoto, lakini mtu binafsi, asiye mfalme wala serikali, aliweza kuwa na ndege yake.

Mmoja wa walionunua alikuwa Bwana Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekuwa na nyumba Takaungu. Mwezi wa Mei 1931 aliruka na Moth yake mpaka Pwani, kisha akaenda Voi kutazama tembo kutoka juu. Tarehe 14 Mei, alipoondoka Voi, ndege iligeuka, ikaanguka na kushika moto. Jina lake limeandikwa vitabuni, na filamu ya mwaka 1985 ikamfanya mashuhuri dunia nzima. Lakini katika kiti cha pili cha ndege ile alikuwako mtumishi wake Mkikuyu, aitwaye Kamau, naye akafa papo hapo. Kamau hakununua ndege wala hakuirusha, na huenda hakuulizwa kama anataka kupanda. Tunapozungumza juu ya raha ya kuruka ni haki tumtaje na yeye, kwa mambo mawili. Kwanza, ili tusisahau kwamba kuruka si mzaha. Pili, kwa sababu kwa muda mrefu hicho ndicho kiti pekee ambacho Mwafrika alipewa katika starehe hii.

Mwingine wa zama zile ni Bibi Beryl Markham, aliyeletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akakulia Njoro akicheza na watoto wa Kinandi. Campbell Black alimfundisha kuruka, naye akawa akikodishwa kuwatafuta tembo kutoka angani kwa ndege yake aina ya Avro Avian. Mnamo Septemba 1936 alitoka Uingereza peke yake, akaivuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, upepo ukimpiga usoni. Baada ya saa 21 na dakika zake, mafuta yakagoma, akaanguka kwenye tope katika kisiwa cha Cape Breton, Kanada, akatoka hai. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka bahari hiyo peke yake kutoka Uingereza kwenda upande huo. Ndege yake, Vega Gull, nayo ilikuwa ya kukaa kitako. Alifariki Nairobi mwaka 1986.

Ndege za namna hii hazikuisha na walowezi. Piper Super Cub, mtoto wa ile Cub ya manjano, mwenye injini ya nguvu kubwa zaidi, imekuwa farasi wa walinzi wa wanyama huko Tsavo kwa miaka mingi. David Sheldrick, mlinzi mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki, alikuwa na yake. Watu wa Kwale wanalijua jina hilo, kwa kuwa yale maporomoko ya maji ndani ya msitu wa Shimba Hills yanaitwa kwa jina lake. Super Cub hupendwa kwa sababu inaweza kwenda polepole sana, na kutua mahali palipo kama uwanja mmoja wa mpira. Ndege ya kasi huupita unyayo wa jangili bila kuuona, na hii ya polepole huuona.

KUTOKA UKUNDA KUELEKEA WASINI

Tufuatane sasa, msomaji, katika safari ya fikra. Tuseme ni asubuhi ya mwezi wa Januari, wakati wa Kaskazi, mapema kabla jua halijapamba moto. Umande, ule upepo mwanana utokao bara, unakaribia kuisha. Huo ndio wakati wa ndege hizi. Wakati wa Kusi, hasa mchana wa mwezi wa Juni au Julai, upepo huvuma kwa nguvu, na ukikata kiwanja kwa ubavu, mwenye busara huiacha ndege yake imefungwa kamba, kama vile ngalawa zinavyovutwa juu mchangani.

Ndege inakwenda mbio kiwanjani Ukunda, tumekaa kitako, hatuoni mbele ila injini. Mara mkia unanyanyuka wenyewe, dunia yote inafunguka mbele yetu, na kabla hatujasema bismillahi ya pili magurudumu yameiacha ardhi. Mlango uko wazi. Harufu ya minazi na ya moshi wa kuni za asubuhi inaingia, maana tuko chini vya kutosha kuisikia.

Tukigeuza kaskazini kidogo tunauona mto Mwachema unapoingia baharini, na penye mlango wake, katikati ya mibuyu mikubwa, Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe karne nyingi zilizopita na ambao bado unasaliwa. Ukiwa barabarani hoteli zimeuficha. Kutoka juu unaona wazi kwa nini wazee walichagua mahali pale: mto una maji matamu, mlango wa bahari uko mbele yake, na kivuli cha mibuyu hakina mfano.

Kisha tunashika kusini. Upande wa kushoto uko mwamba, mstari mrefu mweupe wa mawimbi yanayovunjika, na ndani yake maji ya rangi ya feruzi. Hapa mwenye asili ya Pwani atashtuka moyo. Ile milango ya mwamba, ambayo baba zetu waliisoma kwa miaka kwa kulinganisha mnazi fulani na kilima fulani, inaonekana yote kwa mtupo mmoja wa macho: hapa njia ya buluu iliyokoza, hapa jiwe, hapa fungu la mchanga. Elimu ya rubani wa bahari imetandazwa chini yetu kama mkeka, na tunaona kwamba wazee hawakukosea.

Upande wa kulia, misitu ya kaya ni viraka vyeusi vya kijani katikati ya mashamba, Kaya Kinondo ikiwa mojawapo karibu kabisa na bahari. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliandikwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Ukiwa chini utadhani ni misitu mikubwa, ila kutoka juu unaona jinsi ilivyo midogo na mashamba na nyumba zilivyoizunguka pande zote. Mbali zaidi, milima ya Shimba imeinuka zaidi ya mita 400, na mawingu yake ya asubuhi bado hayajaamka.

Tunapita kisiwa cha Chale. Tunafika Gazi, mji wa Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895. Ghuba yake imejaa mikoko, ambayo wenyeji wa Gazi na Makongeni wanaitunza katika mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, na kutoka angani unaona dhahiri pale palipopandwa upya. Baada ya Msambweni yanakuja mashamba ya miwa upande wa Ramisi, ambako kiwanda cha zamani cha sukari kilifungwa mwaka 1988. Kule bara zaidi yako makovu mekundu ya machimbo ya titani, kazi iliyoanza 2013 na kukoma mwisho wa 2024. Kisha Funzi na vijito vyake, na mbele kabisa Shimoni, na Wasini iliyolala juu ya maji kama jahazi lililotia nanga.

Safari hii yote ni kama dakika 25, na petroli iliyotumika kwa Cub ya kale haifiki lita kumi. Hatukuuza kitu, wala hatukumpeleka mtu. Lakini mtu aliyezaliwa Msambweni na kukaa miaka hamsini, akaiona Msambweni yote kwa mara ya kwanza katika dakika tatu, hawezi kusema kwamba amerudi mikono mitupu.

RAHA AU UPUUZI?

Najua kuna msomaji atakayesema: "Bwana we, watu hawana maji, karo za watoto hazijalipwa, nawe watuletea habari za kuruka kwa raha?" Swali lake lina haki, na linahitaji kujibiwa.

Jawabu la kwanza ni kwamba watu wa Pwani hawakuwahi kuiona raha kuwa adui wa kazi. Mashindano ya ngalawa ni mchezo, na ngalawa zile zile kesho yake huenda kuvua. Mtoto anayeelekeza kidau cha kifuu katika dimbwi la maji anacheza, na ndivyo manahodha walivyoanza. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Qur'ani Tukufu yenyewe, katika Suratul Mulk, imetuelekeza tuwatazame ndege waliotanda mabawa juu yetu na tufikiri ni nani awashikiliaye. Mwenye kuruka polepole na mlango wazi ana nafasi ya kufikiri juu ya jambo hilo kuliko abiria aliyelala usingizi mita elfu kumi juu.

Jawabu la pili ni zito zaidi. Anga lina kazi zake, na kazi hizo hupewa wale waliozoea anga. Kuhesabu tembo, kutazama mikoko na misitu ya kaya, kuitafuta mashua iliyopotea wakati wa Kusi, zote hizi ni kazi za ndege ndogo, ya polepole na ya bei nafuu. Tangu shule ya marubani ya Soroti, Uganda, ilipofunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki, vijana wetu wamejifunza kurusha madege, na leo Wakenya wanaume na wanawake ni marubani wakubwa. Hilo ni jambo la fahari. Lakini wengi wao huruka kwa mshahara, na ile raha ya Jumapili asubuhi bado imebaki kwa wachache, wengi wao wageni. Mtoto wa Diani anaitazama ndege ndogo ikipita juu ya paa la kwao kama aitazamavyo nyota. Hajaambiwa kwamba chombo kile ni ndugu wa ngalawa ya babu yake.

Gharama ipo, hatuwezi kuificha. Leseni ya rubani wa kujirukia mwenyewe inataka umri wa miaka 17 na kiasi cha saa 40 angani, na kila saa inalipiwa. Baada ya hapo kuna mafuta, ukaguzi na bima. Hata hivyo, huko Ulaya na Marekani wengi wanaoruka kwa raha si matajiri. Ni walimu, mafundi wa magari, wauguzi. Hununua ndege ya zamani watu watano au kumi kwa shirika, kila mmoja ana fungu lake na siku yake. Jambo hilo si geni kwetu. Majahazi mangapi yalijengwa kwa mafungu, huyu ametoa mbao, huyu tanga, huyu nguvu zake?

Na tukifika kwenye mbao na tanga, hapo ndipo Pwani ina neno la kusema. Ndege kama Moth ni mbao zilizochongwa nyembamba, zikaungwa kwa gundi, zikavikwa kitambaa kilichokazwa mpaka kikalia kama ngoma. Super Cub ina mifupa ya chuma chembamba, lakini nayo huvikwa kitambaa. Fundi wa mashua ajuaye kuukunja ubao bila kuuvunja, na mshona matanga ajuaye mahali ambapo upepo utavuta zaidi, hawako mbali na kazi hiyo. Wanahitaji mafunzo na kanuni, maana huku juu hakuna kuogelea. Lakini mikono wanayo.

Mwaka 2016, mwezi wa Novemba, kundi la ndege za kale za mabawa mawili mawili lilitoka kisiwa cha Crete huko Ugiriki, likashuka Afrika yote mpaka Cape Town, likipita Kenya. Zilikuwa za gurudumu la mkiani. Watu walitoka kuzitazama, wengine wakidhani ni sinema. Hazikuwa sinema. Zilikuwa vyombo vya mbao, chuma na vitambaa vilivyokuwa vikifuata upepo wa nchi yetu kwa mwendo ambao mtu anaweza kupunga mkono na rubani akamwona.

Kwa wale watakaojaribu, nimewatungia ubeti mmoja waubandike penye karakana:

Ndege ya mkia chini, hukaa ikanyanyuka,
Miguu i usukani, upepo ukigeuka,
Mwenye pupa kiwanjani, hujikuta azunguka,
Si kazi kwenda angani, kazi yake ni kushuka.

Ama kwa wazazi wa Ukunda, Diani, Gazi na Msambweni, nina ombi dogo lisilo na gharama. Siku moja, mtoto akimaliza chuo na kazi zake za nyumbani, mchukueni mpaka karibu na kiwanja mahali panaporuhusiwa, atazame ndege zikiruka na kutua. Mwambieni aangalie jinsi mkia unavyofanya kazi. Na akiuliza yule mtu aliyemo ndani anaitwa nani, mwambieni anaitwa rubani, na kwamba neno hilo babu zake walikuwa nalo hapa hapa kabla eropleni ya kwanza haijatengenezwa.